Mzigo wa Mpagazi na Gari la Moshi
Somo juu ya zana mpya na mali ya nchi



Katika mitaa yetu liko swali moja ambalo vijana huliuliza mara kwa mara: Je, zana mpya zikiingia katika nchi, zaleta mali au zaondoa kazi? Wengine husema kwamba zaleta mali tu, na mtu anayeziogopa ni mjinga. Wengine husema kwamba zaondoa kazi tu, na mtu anayezisifu hajapata kukosa kazi siku zake zote. Mwalimu akiulizwa hivi hafai kujibu kwa maneno matupu. Yafaa awe na mfano wa kweli, ambao watu wanaweza kuupima wenyewe.

Basi mwezi huu tutajifunza mfano mmoja wa nchi yetu wenyewe, ndio habari za Tabora na njia ya zamani ya misafara. Namwomba kila asomaye awe na karatasi na kalamu karibu yake, maana tutafanya hesabu kidogo.

1. Njia ya misafara

Zamani kabla ya reli, mtu aliyetaka kutoka pwani kwenda bara alishika njia ya miguu. Aliondoka Bagamoyo, akavuka Usagara na Ugogo, akafika Unyanyembe, ndiko Tabora. Hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, kando ya ziwa Tanganyika, na nyingine ilikwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kwa hiyo Tabora ilikuwa njia panda ya nchi nzima. Wafanyi biashara wa Kiarabu na wa pwani walijenga nyumba zao huko wakapanda miembe na mpunga, na watemi wa Unyanyembe walipata ushuru.

Njia hii ilikuwa ndefu. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Tabora, iliyokuwa ikiitwa Kaze, mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Misafara ya wenyeji ilikwenda upesi kuliko hao. Hata hivyo iliwachukua miezi miwili au mitatu.

Kazi ya kubeba ilikuwa hasa ya Wanyamwezi. Msomaji asidhani ya kuwa wapagazi hao wote walikuwa watumwa. Biashara ya watumwa ilikuwako katika njia ile, nayo ilikuwa dhuluma kubwa. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao kabla ya kuinua mzigo. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Walikuwa na ufundi wao na desturi zao: kirangozi alitangulia na kuonyesha njia, wenye kubeba pembe walipewa heshima, wanyampara waliamua mashauri, na tajiri akiwadhulumu posho waliweka mizigo chini hata aitoe. Mnyamwezi alibeba begani, na mtu wa pwani alibeba kichwani.

Pasipo wapagazi hakuna mtu aliyeweza kufanya lolote, hata awe mkuu namna gani. David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, tangu mwezi wa Machi hata mwezi wa Agosti 1872, bila kuendelea na safari yake. Alikuwa na vitu na alikuwa na nia, lakini aliwangoja watu wa kubeba ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Nyumba inayokumbukwa kwa ajili yake ingali Kwihara, na watu huenda kuitazama.

2. Hesabu ya mzigo

Sasa shika kalamu yako. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi. Frasila moja ni ratili 35, basi frasila mbili ni ratili 70, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi ya nafaka ina uzito wa ratili 6 hivi. Kwa hiyo kibaba kimoja ni ratili moja na nusu.

Tuseme msafara ulitumia siku 80 kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, pamoja na siku za kupumzika. Zidisha ratili moja na nusu kwa 80, utapata ratili 120. Tazama jambo hili vizuri. Mtu aliyebeba ratili 70 amekula ratili 120 kabla hajafika, na bado hajarudi kwao. Tena hatujahesabu ujira wake, wala hongo waliyotoza watemi wa Ugogo kwa ajili ya maji na ruhusa ya kupita, wala wale waliougua njiani na kuachwa.

Kwa hesabu hii waweza kuelewa kwa nini njia ile ilipitisha pembe za ndovu, wala haikupitisha karanga. Pembe moja ilikuwa na bei kubwa, hata ikaweza kulipa posho, ujira na hongo, na tajiri akabakiwa na faida. Lakini mtu aliyebeba karanga ratili 70 angalikula chakula kingi kuliko mzigo wake. Karanga zilikuwako Unyamwezi, ngozi zilikuwako, nta na asali zilikuwako tele katika misitu ya miyombo. Lakini karibu vyote vilibaki huko huko. Mkulima hakuwa mvivu. Kulima zaidi ya mahitaji yake na ya jirani zake hakukumfaa kitu, maana hapakuwa na njia ya kuyafikisha mazao yake kwa mnunuzi.

Hata fedha yenyewe ilikuwa mzigo. Katika njia ile watu walilipwa kwa nguo za merikani, shanga na waya za shaba. Stanley alipojiandaa Unguja mwaka 1871, sehemu kubwa ya mizigo yake ilikuwa vitu hivi vya kununulia chakula na kulipia hongo. Yaani alihitaji wapagazi wa kubeba fedha ya kuwalisha wapagazi. Basi, ndugu msomaji, ukiulizwa kwa nini nchi yenye watu hodari na ardhi njema haikutajirika, anza na hesabu hii. Uhodari ulikuwako, bali nguvu nyingi mno ziliishia njiani.

3. Gari la moshi lafika

Serikali ya Wadachi ilianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake wote ni kilomita 1,250 hivi. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, tawi lilijengwa kutoka Tabora kwenda kaskazini, likafika Mwanza mwaka 1928. Hivyo Tabora ikawa njia panda mara ya pili, safari hii ya vyuma.

Tusifiche neno: Wadachi hawakuijenga reli hii kwa kuwahurumia wapagazi. Walitaka kutawala, kupeleka askari upesi, na kupata mali ya nchi. Lakini zana ikiisha kujengwa hufanya kazi yake hata kupita nia ya aliyeijenga.

Turudi katika hesabu. Behewa moja linalobeba tani 15 lachukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 460. Gari la moshi lenye mabehewa kumi ya namna hiyo lachukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 4,600. Wapagazi hao wangetembea siku 80, kila mmoja akila kibaba chake. Gari la moshi hufika kwa siku mbili hivi. Ni kweli kwamba nalo lilikuwa na posho yake: lilihitaji kuni au makaa, maji, mafundi, na watu wa kutengeneza njia mwaka mzima. Hata hivyo gharama ya kila ratili ilishuka sana.

Mfano mmoja waonyesha nguvu hiyo mpya. Mwaka 1913 Wadachi walitengeneza meli kubwa huko Papenburg, Ujerumani, jina lake Graf von Götzen. Waliifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku 5,000 hivi, vikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha kwa reli kuelekea Kigoma. Meli iliungwa tena huko, ikaingia majini mwaka 1915. Wenyewe waliizamisha mwaka 1916 walipokimbia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ilisafiri katika ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Nani angethubutu kumwambia mpagazi wa mwaka 1857 kwamba meli nzima ya chuma itapita Tabora?

4. Mali hutoka wapi?

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Watu wengine hufikiri kwamba reli ilileta mali kwa kuwa ilileta vitu vya Ulaya. Kuna sababu tatu zilizo kubwa kuliko hiyo.

Kwanza, mikono iliachwa huru. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu wenye nguvu walikuwa katika njia, wakitembea na mizigo. Kazi yao ilipofanywa na chombo, nguvu zao ziliweza kufanya kazi nyingine. Nchi hupata kukua mali yake hasa kwa njia hii: watu wale wale, kwa siku zile zile, hutoa matunda mengi kuliko zamani. Kuongeza watu na kuongeza saa za kazi kuna mpaka wake, kwa maana mchana una saa kumi na mbili tu. Maarifa hayana mpaka wa namna hiyo.

Pili, vitu ambavyo havikuwa mali vilipata kuwa mali. Karanga ni zile zile, ngozi ni zile zile, lakini mara sasa zinaweza kuuzwa mbali. Jambo hili lilionekana Mwanza hata kabla ya reli ya Tabora. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zilipoanza kuzunguka ziwani, watu wa Mwanza na Usukuma waliuza ngozi, karanga, na baadaye pamba, kwa wingi usiojulikana kabla. Hakuna aliyewaumbia ardhi mpya. Njia tu ndiyo iliyobadilika, na mkulima akaona sababu ya kulima zaidi.

Tatu, chombo kimoja huzaa kingine. Reli ilihitaji karakana, na karakana ilihitaji mafundi, na mafundi walihitaji shule. Vituo vilihitaji makarani wajuao kusoma na kuhesabu. Posta nayo ilifuata njia ya reli. Mwaka 1922 shule kubwa ya serikali ilianzishwa Tabora, na kwa miaka mingi vijana wa pande zote waliifikia kwa gari la moshi. Mmoja wao alikuwa Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937. Mjini Tabora kuna hata chuo cha kufundisha kazi za reli. Zana mpya ikikutana na watu wanaojifunza, faida yake haikomi kwa ile ya siku ya kwanza.

Wataalamu wa uchumi wameyachunguza mambo haya kwa muda mrefu. Mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya uchumi walipewa watu watatu, Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt, kwa kueleza jinsi uvumbuzi unavyoikuza mali ya nchi. Katika mafundisho yao liko neno moja ambalo sisi hatuna budi kulitazama, nalo ni kwamba kipya kikiingia hukiondoa cha zamani mahali pake. Kabla yao Joseph Schumpeter aliandika hivyo mwaka 1942, akisema kwamba ni kubomoa kunakokwenda pamoja na kujenga. Basi na tuulize: katika njia yetu ya Tabora, ni nani aliyebomolewa?

5. Waliopoteza

Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara zima. Reli ilipoanzia Dar es Salaam, misafara ilikoma kushukia Bagamoyo, na mji ukalala. Ujiji ulikuwa mji mashuhuri wa ziwa; reli iliishia Kigoma, maili chache tu kutoka hapo, na bandari ikahamia Kigoma. Miji hii haikutenda kosa lolote. Chombo kipya kilipita mahali pengine, basi.

Vijiji vya njiani vilivyozoea kuiuzia misafara nafaka, kuku na maji viliachwa kando. Wahunzi waliofua majembe, kama wale wa Usumbwa, ambao majembe yao yalitumika hata kama fedha na kama mahari, walishindwa na majembe ya viwanda vya Ulaya. Hali yao ilifanana na ya wafumaji. Unyamwezi na Ufipa walikuwako watu waliofuma nguo za pamba kwa mikono. Lakini merikani, iliyofumwa kwa mitambo huko Marekani, ilikuwa imekwisha kuwapunguzia soko tangu siku za misafara, na reli ilizidi kuleta nguo rahisi.

Na wapagazi wenyewe je? Wengi wao waliingia katika kazi ya kujenga ile ile reli iliyowaondoa njiani. Wengine walikwenda mbali, mpaka katika mashamba ya katani ya Tanga, wakakaa huko miezi mingi bila kuwaona jamaa zao. Upagazi ulikuwa kazi ya kuchosha na ya hatari, na hakuna anayefaa kuutamani urudi. Lakini ulikuwa na heshima yake, na mtu alipatana ujira akiwa amesimama. Katika mashamba wengi walikuta msimamizi na kipande cha kazi, wala hawakukuta heshima ile.

Tena zana haiwalindi watu kama wenye kuishika hawataki. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 reli ilikuwako, lakini madaraja yalivunjwa, na majeshi ya pande zote yaliwashika watu kwa nguvu wawe wapagazi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, latokana na kikosi cha Waingereza cha hao wabebaji. Na huko Ugogo, ambako reli hupita katikati ya nchi, ilitokea kati ya 1917 na 1920 njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, kwa sababu majeshi yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua ikakosa. Gari la moshi lilipita karibu na watu wenye njaa. Chombo cha kuleta chakula kilikuwako. Shauri la kukileta halikutosha.

6. Mashine bila maarifa: karanga za Urambo

Pengine msomaji atasema: Basi tukiwa na mashine nyingi na fedha nyingi tutatajirika. Na aende Urambo, magharibi ya Tabora, akajifunze.

Baada ya vita kuu vya pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 lilitolewa shauri la kulima karanga katika Tanganyika kwa mashine, katika eneo la ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Watu wengi waliamini kwamba jembe la mkono limekwisha.

Lakini waliofanya shauri hawakuijua nchi. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilivunja majembe ya mashine. Udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, hata karanga zikashindwa kutolewa. Mvua haikuja kwa kipimo kilichoandikwa katika vitabu. Mashine ziliharibika, na vipuri vilikuwa mbali, na mafundi wachache. Wagogo walioijua mvua ya nchi yao kwa miaka mingi hawakuulizwa kwa dhati. Mwezi wa Januari 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea paundi milioni 36 hivi za Uingereza. Mashamba ya Urambo yalisalia, na baadaye yakafaa kwa tumbaku, kwa kuwa watu walianza kujaribu polepole kile ambacho ardhi yenyewe ilikikubali.

Linganisha mambo haya mawili, reli na karanga. Yote mawili yalitumia mashine za wakati wake na fedha nyingi. Lakini waliojenga reli walipima njia hatua kwa hatua, na kwa sehemu kubwa waliifuata njia ambayo wapagazi walikuwa wameivumbua kwa miguu yao, penye maji na penye watu. Wa karanga walitanguliza mashine, wakaacha kupima. Kujua namna ya kuendesha trekta ni maarifa ya aina moja. Kujua kwa nini udongo huu hugandamana ni maarifa ya aina ya pili. Yakitengana, mali hupotea. Mokyr, tuliyemtaja juu, ameandika sana juu ya jambo hili: uvumbuzi hudumu pale ambapo watu wanajua namna ya kutenda na sababu zake pia.

7. Njia panda ya tatu

Nimeandika somo hili kwa sababu Tabora imo katika kuwa njia panda mara ya tatu. Reli mpya ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, badala ya mita moja ya reli ya zamani, ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mpaka Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo. Safari ya Dar es Salaam hata Dodoma, iliyokuwa ya majuma mengi kwa msafara, sasa ni ya saa chache. Mikataba ya kuiendeleza mpaka Tabora, na kutoka hapo kwenda Mwanza na Kigoma, ilikuwa imekwisha kufanywa kabla ya hapo.

Fedha nayo imepungua uzito. Kutoka merikani na waya tulikwenda kwenye rupia, na kutoka rupia kwenye shilingi. Tangu mwaka 2008 watu wa Tanzania wameweza kutumiana fedha kwa simu. Mama aliyeko Sikonge hupokea fedha ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam bila mtu kuibeba hata hatua moja.

Basi tufanye nini? Nadhani njia ya misafara yatufundisha mambo matatu ya kutenda.

La kwanza, tuhesabu. Kila mkulima na ajiulize ni kitu gani kwake kinachofanana na zile ratili 120 za posho, yaani mahali ambapo nguvu zake zinaishia bure. Anayekausha tumbaku kwa tanuri linalokula kuni nyingi, anapoteza msitu na siku za kukata kuni. Tanuri linalotunza joto ni uvumbuzi, ijapokuwa limejengwa kwa matofali tu. Anayetengeneza mzinga wa nyuki kwa kuchuna magome, anaua mti ili apate asali, na mwaka ujao nyuki watakosa ua. Mzinga wa mbao hukaa miaka mingi. Mambo haya ni madogo kuliko reli, lakini kukua kwa mali hufanywa zaidi na mambo madogo yaliyorudiwa na wengi.

La pili, tujifunze kabla chombo hakijafika. Reli itapita; itachukua asali iliyochujwa na kufungwa vizuri, au itachukua vijana wasio na kazi tu. Hilo litaamuliwa na yale yanayofundishwa sasa katika shule na karakana zetu. Kijana ajuaye umeme, mashine na hesabu atasimama mbele ya kazi mpya kama kirangozi, akijua njia.

La tatu, tuwakumbuke watakaoachwa kando. Ziko Bagamoyo na Ujiji za siku hizi: kituo ambacho gari halitasimama tena, dereva wa lori, mama auzaye chakula penye mabasi. Mtu akipoteza kazi kwa sababu ya chombo kipya, asiambiwe kwamba ni mvivu. Jamaa zake, majirani zake na wakuu wa nchi wana wajibu wa kumsaidia apate kazi nyingine, maana faida ya wengi imelipwa kwa hasara yake. Mwaka 1912 wapagazi hawakusaidiwa na mtu. Sisi tuna habari zao, nasi hatuna udhuru.

Basi kijana akikuuliza tena kama zana mpya zaleta mali au zaondoa kazi, mwambie kwamba zafanya yote mawili, kisha mpe kalamu mfanye hesabu pamoja.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini misafara ilibeba pembe za ndovu, wala haikubeba karanga? Fanya hesabu tena kwa safari ya siku 60, kisha kwa siku 90.

2. Taja vitu vitatu katika kijiji chako vinavyokosa bei kwa sababu ya njia mbaya au kwa sababu ya kukosa ufundi. Ni kipi kinachoweza kutengenezwa na watu wa kijiji wenyewe?

3. Ni nani katika mtaa wenu aliyepoteza kazi kwa ajili ya chombo kipya? Amesaidiwa namna gani?

4. Reli ilifaulu na karanga za Kongwa na Urambo zilishindwa. Eleza tofauti yake kwa maneno yako mwenyewe.

5. Wazee wa kwenu wanajua nini juu ya udongo, mvua na misitu ambacho hakijaandikwa? Ni nani atakayekiandika?